Goti la Haitham

Siku ya tatu ya msiba wa Bibi, wanawake walipomaliza kusoma na kahawa ikawa inazunguka, mmoja wao akafungua simu yake, akabonyeza, na sauti ya Bibi ikatoka pale katikati ya sebule, nzima kabisa, na kile kikohozi chake cha kuanzia maneno. "Asalaam aleikum. Nyinyi mmelala au mmekufa? Mbona hamnijibu?" Watu wakalia na kucheka kwa pamoja. Basi kila mmoja akaanza kutafuta ya kwake. Bibi hakujua kuandika kwenye simu. Alikuwa anabonyeza na kusema, iwe ni salamu, ugomvi au kuagiza bizari, na alipokufa akawa ameiacha sauti yake kwenye simu za nusu ya Maskati. Mimi nilisimama karibu na mlango wa jikoni na birika mkononi, kwa mazoea tu, maana siku hizi nina kazi yangu kwenye mkahawa mdogo kule Al Khoudh. Ilipochezwa ya nne au ya tano, nikaliweka birika chini. Ilikuwa ya miaka minane nyuma. Ilisema jambo dogo tu, la goti, lakini kwangu lilikuwa na maana moja: yule mtu aliyeondolewa kazini kwa neno langu hakuwa na kosa. Nitaeleza Bibi alisema nini. Ila kwanza lazima nieleze mwaka ule ulivyokuwa, maana bila hivyo hata wewe ungemshuku yeye.

Habari za kwetu Muheza naziruka, hazina tofauti na za wengine. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nina darasa la saba na kozi ya upishi ya miezi sita, na ndoto ambazo hazikuwa na mpangilio. Leo nitafungua duka la keki, kesho nitakuwa mpishi wa ndege. Kila niliyekutana naye nilimwona mtu mzuri hadi atakaponionyesha vingine. Nyumba ilikuwa Madinat Sultan Qaboos, nyeupe, na jiko lake lina dirisha dogo la kupitishia vyombo kwenda majlisi, ile sebule ya wanaume. Dirisha lile ndilo lililoniharibu. Mwenye nyumba alikuwa Bi Asya, mjane, mwalimu wa chuo kikuu, nami nilimwita Mama. Bibi, mama yake mzazi, mzaliwa wa Unguja, alikuwa na chumba cha chini chenye dirisha linalotazama maegesho ya gari. Na dereva alikuwa Kombo, Mpemba wa miaka arobaini hivi, mtu wa maneno ya kupima, ambaye akisoma Kurani alasiri kule chumbani kwake nje, hata mimi Mkristo nilikuwa nazima feni ya jikoni nimsikie. Kila Ijumaa asubuhi alinipeleka kanisani Ghala, akanishusha getini, akaniambia, "Haya, tuombee na sisi," kisha akageuza gari kuwahi msikiti.

Haitham, mtoto pekee wa Mama, alikuwa mbali. Mama alipokwenda Melbourne kusoma shahada yake kubwa alimchukua akiwa na miaka kumi na miwili, na mwisho wake mama alirudi na shahada, mtoto akabaki na mpira. Si huu mpira tunaoujua. Ule wa kwao una umbo la yai, unapigwa teke, unapigwa ngumi kumpa mwenzako, na ukiwa hewani watu wanapandiana mabegani kuudaka. Mtoto wa Kiomani mwenye miguu mirefu kama ngazi, alijifunza huko kwenye viwanja vya shule, na alipofika miaka kumi na tisa klabu moja kubwa ikamwandika mwisho kabisa wa orodha yake. Mwaka wake wa kwanza alicheza timu ya akiba tu. Makocha walisema anaruka vizuri, anasoma mchezo vizuri, ila mwepesi mno, aongeze kilo nne na aufundishe mguu wa kushoto kazi. Akifanya hivyo, mwaka unaofuata atapewa nafasi timu ya kwanza. Alipokuja likizo ya wiki tatu mwishoni mwa mwaka, alikuja na karatasi ya chakula kutoka klabuni, nikaibandika kwenye friji, nami nikajiona nimeajiriwa na Australia. Mayai sita asubuhi. Nguru wa kuchoma mchana. Maziwa ya mgando, ndizi, viazi vitamu. Bibi alikaa mezani akinitazama. "Neema, huyu ni mwanaadamu au chatu?" Nikigeuka, anamkatia kijana halwa na kumpitishia chini ya meza. Usiku nikimaliza vyombo nilikuwa nasimama mbele ya ile karatasi nafumba macho, naomba kilo. Usinicheke. Niliomba kilo kweli.

Sasa, Khalu Suleiman, kaka yake Mama, mtu wa kelele na moyo mkubwa, alikuwa ameianzisha nyumbani fantasi ya mpira ule. Unachagua wachezaji wa kweli, na wanavyocheza kule uwanjani ndivyo unavyopata alama wewe uliyekaa Maskati na kikombe: teke alama tatu, pasi ya ngumi mbili, kumkaba mtu nne, goli sita. Ufundi wake wote uko kwa vijana. Mchezaji maarufu ni ghali na kila mtu anamjua, lakini kijana ambaye hajacheza hata mechi moja unampata kwa bei ya chini kabisa, na akipangwa, thamani yake inapanda kila wiki kama unga uliotiwa hamira. Kabla ya msimu kuanza, Khalu alibandika karatasi kubwa nyuma ya mlango wa majlisi, kila mtu akaandika vijana wake watatu kwa mkono wake, hadharani, ili baadaye asiseme hakusema. Jumamosi asubuhi walikutana kuisoma na kutukanana. Haitham ndiye aliyenitia mimi. "Mpishi naye?" akasema Khalu. Haitham akamjibu, "Khalu, mpishi ndiye anayejua nani kanenepa." Wakacheka, nikapewa kalamu. Tulikuwa tisa, Kombo akiwemo, na wote tisa tuliandika jina la Haitham la kwanza. Talal, mtoto wa Khalu, akasema, "Asiyemuandika huyu akale kwao."

Alhamisi moja jioni, zikiwa zimebaki wiki mbili arudi, Haitham alikwenda ufukweni na rafiki zake wa utotoni. Wakapiga mpira wa kawaida, mchangani, miguu mitupu. Mkataba wake ulikataza kucheza mchezo wowote wakati wa likizo, na yeye alilijua hilo vizuri. Kombo ndiye aliyemrudisha, amemshika kwapani, na mguu umevimba hata pia ya goti haionekani. Mama alifunga mlango wa jikoni na pazia la lile dirisha. Nikaleta mifuko ya njegere za barafu. Haitham hakulia kwa maumivu, alilia aliposema, "Wakijua, basi." Mama akatutazama mmoja mmoja. "Hili liko kwetu watu watano. Haitham, mimi, mama yangu, Kombo, Neema. Litapoa kabla hajaondoka. Hakuna atakayejua." Bibi akaitikia, "Inshallah," akamshika mjukuu kichwa. Mimi niliapa kwa jina la mama yangu. Kombo aliitikia kwa kichwa tu, akaenda kuosha mchanga garini.

Jumamosi asubuhi nilipeleka kahawa majlisi kabla ya watu kufika. Nikaitazama karatasi kama nilivyozoea kuitazama, kwa raha ya kuliona jina langu kati ya majina ya wanaume. Safu ya Kombo ilikuwa na mstari mwekundu. Haitham amekatwa. Chini yake pameandikwa jina la kijana mwingine ambaye hata sikuwahi kumsikia. Nilisimama pale mpaka birika likanichoma. Ijumaa nzima hakuna aliyeingia mle ndani ila yeye, aliyekwenda kufagia. Nikamfuata nje, anafuta vioo. "Kaka Kombo, umemkata Haitham?"

"Nimeghairi tu."

"Kwa sababu ya goti?"

Akaacha kufuta. "Neema, goti gani?" akasema taratibu, akatupa jicho kwenye dirisha la Bibi, halafu akaendelea na kioo kilekile, ambacho kilikuwa kisafi tayari. Hapo ndipo niliposikia kitu kikigeuka ndani yangu. Mtu mwema hatazami dirishani kabla hajajibu. Ndivyo nilivyojiambia.

Wiki ile niliishi kama askari. Nilificha mifuko ya barafu chini ya samaki. Muuza dawa aliyemuuzia Mama bandeji nilimwona mpelelezi, mtunza bustani nikamhamishia upande wa pili wa nyumba. Nikiwa nakata vitunguu nilisimama pale ambapo pazia la dirisha limeachia kidogo, nasikiliza majlisi. Na niliyoyasikia yaliniongezea homa. Jumatatu Talal alikuja kusalimia, akatoka akiwa ameshika kalamu. Jumatano Khalu alikuja mwenyewe, mchana, siku ambayo haji kamwe, akauliza, "Mtoto yuko wapi? Kalala? Mwache alale, mwache alale," kwa sauti ya mtu aliyekuja hospitalini. Ilipofika Jumamosi ya pili, majina manane yalikuwa yamekatwa, kila moja kwa wino wake, na hakuna aliyemtania mwenzake. Hilo ndilo lililonitisha. Watu ambao wangegombana asubuhi nzima kwa ajili ya beki wa akiba wamekaa wanakunywa kahawa, kila mmoja anaitazama karatasi kwa jicho la pembeni, anaona na wenzake wamekata, anafunga mdomo. Talal alimuuliza mmoja wa wale tisa, "Khalfan, na wewe umemtoa?" Khalfan akajibu, "Nilitaka mabadiliko. Na wewe?" "Mimi pia. Mabadiliko." Khalu akakohoa. "Mabadiliko mazuri," akasema. Mimi nyuma ya pazia nilikuwa nimekamata kisu kama nimeshika mwizi. Jina la Haitham lilibaki kwenye safu moja tu, ya mpishi.

Siku tatu kabla ya safari yake, mtu asiyejulikana aliandika kwenye ukurasa wa mashabiki wa fantasi huko Australia kwamba yule kijana wa Oman msimchukue, ameharibu goti mchangani. Asubuhi yake klabu ikapiga simu. Haitham aliongea nao chumbani kwa dakika ishirini, akatoka, akaketi ngazini. Hakufukuzwa. Alisema ukweli, na ukweli ule ulimsaidia kidogo, lakini aliambiwa arudi mara moja wampime, na ile nafasi ya mwanzo wa msimu asahau. Bibi alimvuta akamlaza kichwa mapajani, kijana mzima mrefu vile, akawa anamsomea.

Mama aliniita chumba chake cha vitabu na kufunga mlango. "Neema, kaa." Sikuwahi kukalishwa mle ndani. "Tulikuwa watano. Mimi sijasema. Haitham hajasema. Mama yangu hatoki hata barazani, atamwambia nani? Umebaki wewe na Kombo."

"Mama, haki ya Mungu, sijasema."

"Nipe simu yako."

Nikampa. Aliipitia yote. Mle mlikuwa na picha za keki tu na nyimbo za kwaya. Aliponirudishia hakuomba radhi, na mimi sikuitaka, nilitaka tu nisirudishwe Muheza kwa aibu ya kuuza siri ya nyumba. "Basi nani?" akauliza, na sauti yake ilikuwa imechoka, si kali. Angekuwa mkali pengine ningenyamaza. Nikasema, "Mimi sijui, Mama. Ila Kombo ndiye wa mwanzo kumkata kwenye karatasi. Jumamosi ya kwanza, kabla ya watu wote." Kila neno hapo lilikuwa kweli. Nimeyahesabu mara nyingi tangu wakati ule, sijapata hata moja la uongo, na haijanisaidia.

Nilirudi jikoni na nikasikia yaliyofuata kupitia dirisha, maana alimwita majlisi. "Kombo, kwa nini ulimkata Haitham?"

"Nilighairi, Bi Asya."

"Siku mbili baada ya kuumia?"

"Yangu na moyo wangu."

"Ulimwambia mtu habari ya goti?"

"Sijamwambia mtu."

"Sasa nani kasema? Wewe unajua?"

"Hilo siwezi kulisema," akajibu Kombo. Na kwa Mama, na kwangu mimi niliyejibanza na kisu cha vitunguu, jibu lile lilitosha.

Alikatiwa tiketi kabla ya wiki kwisha. Asubuhi ya kuondoka aliweka funguo za gari juu ya meza ya jikoni, akanisalimia kama siku zote. Mimi nilikuwa nakoroga uji, sikuweza kugeuka vizuri. Akasema, "Ijumaa mwambie Talal akupeleke kanisani. Na Bibi asiambiwe chochote. Mwambieni nimekwenda likizo." Nikasema moyoni, angalia, hata anapoondoka anataka tumfichie. Ndivyo nilivyokuwa nimeharibika. Bibi alimuulizia mwezi mzima. "Kombo harudi? Kule Pemba wamemfunga kamba?" Tukamwambia kapata kazi nzuri kwao. Akafurahi.

Msimu ulianza bila Haitham. Ijumaa baada ya sala na Jumamosi asubuhi watu walijaa majlisi mbele ya televisheni, maana mchana wa kule ni asubuhi ya kwetu, na mimi nilipeleka sambusa na kukaa kidogo mlangoni. Kila wiki nilikuwa na sifuri moja safuni kwangu, ya Haitham. Khalu aliniambia, "Mtoe, mwanangu, unazama." Nikamjibu, "Wengine wanatoa, mimi sitoi." Wakatazamana. Nilifurahi walipotazamana. Nilikuwa wa mwisho kwa alama na wa kwanza kwa uaminifu, hivyo ndivyo nilivyojiona, na niliendelea kumwombea Ijumaa kanisani na usiku mbele ya friji, ingawa ile karatasi ya mayai sita ilikuwa imeanza kunata mafuta. Lakini raha ya nyumba ilikuwa imepungua. Chai nilimimina nikiwaza nani ananisikiliza. Mama naye alianza kufunga droo. Dereva mpya hakukaa miezi miwili, hakuna aliyemkosea, ila hakuna aliyeongea mbele yake.

Mechi ya mwisho ya msimu, Jumamosi, saa mbili kasorobo asubuhi, Haitham akapangwa. Goti limepona, ameongeza kilo tano, si nne. Bibi aliletwa majlisi na kukalishwa mbele kabisa, wanaume wakasogea. Alipoudaka mpira wa kwanza, amepanda begani kwa mtu hewani kama anachuma kitu juu ya kabati, Khalu alimwaga kahawa yote. Alipiga magoli mawili, moja kwa mguu wa kushoto. Mama alikuwa analia bila sauti. Talal akapiga kelele, "Neema peke yake ndiye mwenye alama zake! Mpishi katuua!" Wakanishangilia. Ilikuwa siku yangu nzuri kuliko zote za mwaka ule, na katikati yake nikaona ile nafasi karibu na mlango, pale Kombo alipokuwa akikaa magoti yamekunjwa kwa adabu, na hakuna aliyekuwa ameikalia. Nikajiambia, alijitakia.

Haitham alicheza misimu mitatu, si nyota, mchezaji wa kutegemewa tu, na sasa anafundisha watoto mchezo ule huko Melbourne. Kwa mazishi ya Bibi aliwahi ndege ya kwanza. Mimi niliondoka nyumba ile kwa wema, nikapata mkahawa. Mwaka juzi nilikwenda Ghala kanisani, nikapita mbele ya gereji moja, nikamwona Kombo ameinama kwenye tairi, ana mvi. Amerudi Oman kwa mwajiri mwingine. Nikageuza uso, nikavuka barabara. Nilimhofia bado, au ndivyo nilivyoiita hali ile.

Sasa turudi pale msibani. Sauti ya Bibi kwenye simu ya shangazi mmoja ilisema hivi: "Asalaam aleikum wanangu. Nna dhiki. Mjukuu wangu Haitham kaumia goti, limevimba kama nazi. Kacheza mchangani, na huko kazini kwake wakijua watamfukuza. Nakuombeni kila mmoja amsomee Yasini, na anayeweza afikishe arobaini na moja. Lakini tahadharini, hii siri. Msimwambie mtu. Na mwenye msomaji mzuri ampelekee na yeye." Sebule nzima ikaangua kicheko. Shangazi akawa anapangusa machozi, "Mie niliipeleka mpaka Nizwa!" Mwingine, "Nami nilimpa Talal asome, nikamuapisha asiseme." Mke wa Khalu akasema Khalu alisoma usiku kucha. Wanacheka, wanalia, na hakuna hata mmoja anayejua alichokisema. Nilimtazama Mama. Alikuwa ameshika mkono wa kiti. Alinitazama mimi, na kwa muda tulikuwa wawili tu mle ndani.

Alinifuata jikoni. "Neema. Kombo yuko wapi?"

"Ghala, Mama."

"Tutakwenda pamoja."

"Niache niende mimi kwanza. Neno lilikuwa langu."

Asubuhi yake nilipika mkate wa kumimina, ule wa Bibi, wenye iliki nyingi, nikaenda nao umefungwa kwenye taulo. Kombo alikuwa nyuma ya gereji, amevaa ovaroli ya buluu, anakunywa chai kwenye kikombe cha karatasi. Aliponiona hakushtuka. Akanisogezea tairi nikalie. "Pole kwa msiba," akasema. "Nimemsomea."

"Kaka Kombo, jana nimeisikia sauti ya Bibi. Ile ya goti."

Akacheka, kicheko cha puani. "Ile ya msimwambie mtu?"

"Na wewe alikutumia?"

Akafuta mikono, akatoa simu yenye kioo kilichopasuka. "Mimi wa mwanzo. Nilikuwa nje naosha gari, yeye yuko dirishani, pale pale. Angeniita tu. Lakini alitaka kunitumia."

Nikaanza kulia, sikuweza kujizuia. "Mbona hukusema? Ungemuonyesha Mama simu, yangekwisha."

"Nimuoneshe nini, Neema? Nimwambie Bi Asya aliyetoa siri ni mama yako? Yule bibi kizee alikuwa anamuombea mjukuu wake. Angejua kwamba dua yake ndiyo iliyomkosesha kijana msimu, angekula chakula nyumba ile? Mie nna miguu, nliweza kuondoka. Yeye angekwenda wapi?"

"Lakini ulimkata. Kabla ya watu wote. Hilo ndilo nililolisema, Kaka Kombo. Mimi ndiye niliyesema."

"Najua kama ni wewe. Pazia la dirisha lile lilikuwa halifungi vizuri." Akakizungusha kikombe chake. "Nilianza kumsomea Ijumaa alasiri. Nilipokwenda kufagia majlisi nikaliona jina lake kwenye safu yangu. Nikajiuliza, hivi nnaomba mtoto apone, au nnaomba alama? Nikaona haya. Nikamkata kwanza, ndipo nikamaliza kusoma."

Mimi niliyemwacha kwenye safu yangu mwaka mzima na kujivunia, niliyeomba kila Ijumaa na kila usiku, nilijaribu pale juu ya tairi kukumbuka nilikuwa naomba nini hasa, goti au sifuri yangu iondoke, na sikuweza kuvitenganisha. Nikasema, "Nisamehe." Alifungua taulo, akanusa, akakata kipande cha mkate kwa mkono, akala chote kabla hajajibu. "Iliki umezidisha," akasema. "Yeye ndivyo alivyokuwa." Kisha akasema, "Nimekusamehe tangu siku ile ya uji. Ulinipa mgongo, lakini mgongo wako haujui kuficha. Ila mwaka juzi, ulipovuka barabara, ile iliniuma."

"Mama anataka kuja."

"Aje. Chai ipo."

Halafu akaniuliza kama niliisikia yote. Nikamwambia jana watu walicheka wakaifunika. Akaitafuta kwenye simu, ameihamisha kutoka simu hadi simu mara tatu, akaiweka juu ya tairi katikati yetu. Kikohozi, salamu, goti kama nazi, msimwambie mtu, mwenye msomaji mzuri. Baada ya hapo pakawa na kimya kidogo nilichodhani ni mwisho, kisha sauti yake tena, imeshuka, kama anayekumbuka jambo akiwa ameshaondoka mlangoni: "Na yule Neema wa jikoni msimtumie, msimsumbue. Yeye kaanza zamani. Nnamuona kila usiku kasimama mbele ya friji kafumba macho."

Kombo akaniangalia. "Ijumaa nipo," akasema. "Geti la kanisa lenu bado ni lile lile?" Nikaitikia kwa kichwa. Akainamia simu, akaibonyeza tena tangu mwanzo.